Malbeki ya Mteremko wa Mawe

Mgahawani walimwita Mama Kizibo, kwa kuwa hakuna chupa iliyofika mezani bila yeye kuinusa. Yeye ndiye aliyechagua mvinyo wote wa pale, na wachuuzi walimwogopa: kwake maneno matamu hayakuuza kitu.

Asubuhi moja, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza, mchuuzi mmoja aliingia na chupa isiyo na madoido.

"Mama, hii malbeki, mvinyo wa zabibu nyeusi. Anayeitengeneza hutoa mapipa machache tu kwa mwaka. Onja, halafu unifukuze."

"Kukufukuza si kazi," alisema, akamimina.

Mvinyo ulikuwa mwekundu wa kukaribia weusi. Alionja, akaonja tena. Ilitangulia ladha ya zambarau zilizoiva hadi kupasuka, ukafuata moshi kidogo, na mwishoni ulimini pakabaki kitu kama jiwe lililonyeshewa. Kwa miaka yake yote katika kazi ile, hakuna mvinyo uliowahi kumkalisha chini. Alishusha kiti kimoja, akaketi.

"Wa nani huu?"

"Wa yule seremala mrefu aliyeacha useremala. Ana shamba kwenye mteremko wa mawe, nyuma ya shule ya zamani."

Mteremko ule aliujua kwa magoti yake. Seremala huyo alikuwa mumewe, na waliupanda pamoja. Mawe waliyang'oa kwa mtaimbo, maji wakayapandisha kwa ndoo, watu wakiwacheka kwamba wanalima ukuta. Mizabibu ilikawia kuzaa. Naye hakuzaa, na hilo ndilo lililowashinda wakwe. Mume alimtetea mwanzoni, baadaye akawa anainamisha kichwa tu mama yake anaposema, mwisho akamwambia, "Nenda kwenu upumzike kidogo." Hakumfuata tena. Kupumzika kukageuka talaka.

"Familia nzuri sana," mchuuzi aliendelea, hana habari. "Mkewe huwasimulia wageni walivyopanda mche mmoja mmoja, wawili peke yao."

"Mke yupi?"

"Kwani ana wangapi? Huyo huyo, mama watoto wake."

Talaka alikwisha kuimeza. Watoto wa mke aliyemfuatia pia, kwa taabu, aliwameza. Lakini kuporwa hata uchovu wake!

"Mama, mbona machozi? Mvinyo umechacha?"

Hapo angeweza kuitikia. Neno lake moja lingetosha, na chupa ile isingekanyaga tena mgahawa wowote mjini. Ulimi ukamgomea kusema uongo.

"Ni mzuri," alisema. "Niletee makasha yote uliyo nayo."

Kisha akaingia jikoni. Mpishi, shoga yake wa siku nyingi, alipomwona uso aliacha vitunguu.

"Nani amefariki?"

"Hakuna. Ile mizabibu yangu imezaa."

Mpishi alimvuta kifuani kwa mikono yake inayonuka vitunguu, wakalia wote wawili, mmoja akisingizia vitunguu.

Malbeki ile ilipendwa kupita zote. Jioni moja bwana mmoja aliyekuja kula na mkewe aliinua glasi, akauliza kama Mama Kizibo anawafahamu walioutengeneza mvinyo ule.

"Aliyepanda shamba namfahamu," alijibu. "Ila hayupo tena kule."

"Oh! Pole sana, mama," alisema yule bwana, akidhani mtu huyo amekufa.

"Asante," alisema Mama Kizibo, akaipokea pole ile kwa mikono miwili, maana tangu aachwe hakuna aliyewahi kumpa.