Maiti Aliyekimbia Siafu

Jumapili moja ya Machi mwaka jana tulimzika kaka yangu kijijini kwetu, Heru Juu, Kasulu. Uso wake tunao kwenye picha. Tulichopoteza ni sauti: simu yake iliibiwa palepale msibani, na yangu haikuwa na hata neno lake moja.

Mama akasema, "Si alicheza ile filamu?"

Alicheza. Filamu ya hovyo, niseme kweli. Wanawake wachawi wanakula wanaume, damu ni juisi ya unga, na kaka yangu anaongea kidogo, anauawa, anatupwa kwenye shamba la mihogo. Lakini vijana wa bodaboda, Kasulu mpaka Kibondo, wameikariri, kwa sababu maiti anaruka na kukimbia. Walimlaza juu ya siafu. Kamera ilikuwa ya kuazima na mwenyewe anaidai, kwa hiyo hawakurudia.

Nikaitafuta. Kila nakala niliyopata ilikuwa na sauti ya DJ, yule wa mabanda ya video anayetafsiri filamu za Kihindi na Kichina. Hii ni ya Kiswahili! Naye kaitafsiri kwa Kiswahili. Kaka akifungua mdomo tu, anaongea DJ.

Nikaenda hadi Kibondo kwa mwenye banda la video zilikotoka nakala hizo.

"Dada yangu, bila DJ watu hawaingii."

"Lakini ni Kiswahili."

"Kiswahili kikavu hicho. Yeye anatia chumvi."

"Na ile ya mwanzo, isiyo na chumvi?"

"Nilifuta, nipate nafasi ya kuweka hii."

Nilitamani kumtukana. Nikamwomba aniwekee hiyohiyo kwenye simu, nikapanda gari kurudi.

Nilimkuta mama jikoni anamenya mihogo, nikamwashia. DJ akaanza kelele zake: oya, oneni bwege huyu, anafuata nyama ya watu akidhani ni pilau!

"Nani huyu anayemziba mwanangu?" mama akauliza.

Nikataka kuzima. Akanishika mkono.

Ikafika kwenye siafu. Kaka akaruka, akasahau Kiswahili chote cha filamu, akapiga yowe kwa Kiha akimwita mama, mara mbili. DJ si mtu wa huku, Kiha hakijui. Hapo tu ndipo aliponyamaza.

Mama akaweka kisu chini, akaitika.