Siku Wifi Alipokuwa Mpole

Wifi yangu ana mdomo. Simsengenyi, mwenyewe anajua na mtaa mzima unajua. Anashona sare za shule chumba cha mbele, na kelele za cherehani hazijawahi kumshinda. Anayemsema zaidi ni mumewe, kaka yangu, dereva wa lori: amechelewa, amekanyaga sakafu mbichi, kaletewa vitunguu vibovu akavipokea. Kaka naye hujibu. Wanarushiana maneno hivyo tangu waoane, na ukijitia kuamua, wanakugeukia wote wawili.

Kaka alipoligonga lori jingine lililoegeshwa bila taa, kifua kilijibamiza kwenye usukani. Alishuka kwa miguu yake, akalalamikia mgongo kidogo, nasi tukasema Mungu mkubwa. Hospitali wakampiga picha, kisha daktari akatuita pembeni mimi na wifi. Mshipa mkuu, ule unaotoka kwenye moyo na kushuka kifuani, ulikuwa umechanika kwa ndani. Kilichozuia damu isimwagike ni utando wa nje tu. Wangemwekea bomba la kitambaa ndani ya mshipa, wakilipitishia pajani, lakini bomba la saizi yake lilikuwa linafuatwa hospitali nyingine. Mpaka lifike, presha isipande. Asishtuke, asikasirike, asibishane na mtu. Hapo daktari akamtazama wifi, maana alishamsikia mapokezini.

Wifi akaingia wodini ananyata kama bibi harusi. Akaketi, akamshika kaka mkono, akamuuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kama angependa mto uinuliwe. Akamwita "mume wangu". Akasema lori si kitu, na lile paa linalovuja pia si kitu, atalitengeneza akipata nafasi.

Kaka akamkodolea macho, kisha akanitazama mimi. Namba kwenye mashine ya presha zikaanza kupanda. Muuguzi akaja, akaongeza dawa, zikashuka. Wifi akazidisha upole, zikapanda tena. Alipomwambia kwamba yeye ni mwanamume mwema, lo, mashine ikaanza kulia kabisa.

Muuguzi akauliza anaumwa wapi.

"Siumwi," kaka akasema, machozi yamemlengalenga. "Mke wangu namjua. Akiniongelesha hivi, basi mmeshamwambia nakufa."

Wifi akauachia ule mkono. Daktari kakataza mabishano, na mashine ndiyo hiyo inalia.

"Ufe, paa lile umwachie nani?" akasema. "Tangu mvua zianze napanga ndoo mimi. Na shati hilo nilikukataza, ona sasa wamelikata kwa mkasi."

Muuguzi akamshika bega amtoe nje. Kaka akajibu kwamba shati lenyewe alilishona wifi mwenyewe, tena mkono mmoja mrefu. Wifi akasema shati halina kosa, mkono wa kaka ndio mfupi. Muuguzi alikuwa anatazama mashine. Akamwachia wifi bega taratibu, akamsogezea kiti.

Waligombana mpaka bomba likafika. Kitanda kiliposukumwa kwenda chumba cha upasuaji, wifi alitembea kando yake akimsema anavyokoroma. Mlango ukafungwa. Akausema mlango kidogo, kisha akanyamaza.

Hakufungua mdomo tena. Nilimletea maji, akayashika tu. Nilijaribu kumchokoza, mimi ninayejua pa kumgusa, hakugeuka hata shingo. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi.

Daktari alitoka akasema bomba limekaa vizuri, damu inapita, na mgonjwa ameamka akachezesha miguu yote miwili, maana walihofia angepooza. Nikashukuru kwa sauti. Wifi alikaa sakafuni, akaanza kulia kwa kwikwi mpaka watu wakageuka. Nikamwinamia, nikamwambia amepona, sasa analia nini.

"Kila akiwasha lile lori naogopa," akasema. "Miaka yote. Nikinyamaza tu, nalia. Na nikilia mbele yake, ataendeshaje?"