Kisima cha Bibi Mwanatumu

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nimeikumbuka tena niliposikia unataka kufunga mashine ya pili pale kisimani kwako. Kaa kitako kwanza. Mashine haina miguu, haitakukimbia.

Ilikuwa hapa hapa Msambweni, Uhuru ungali mpya, nami sijaolewa. Bibi yangu, Bibi Mwanatumu, ndiye aliyekuwa na kisima cha maji matamu, na mji mzima ukichota kwake. Kila alfajiri, kabla mtu hajatia ndoo, aliteka kata moja akaonja. Yakiwa matamu, tulichota. Yakianza kukolea chumvi, alikifunika kisima kwa makuti, nasi tukaenda mtoni mpaka yatulie. Tulinung'unika sana, maana mto ulikuwa mbali na Bibi hakuwa na huruma na vichwa vyetu.

Kisha mjomba Bakari, mwanawe wa pekee wa kiume, akaleta mashine ya kuvuta maji kutoka Mombasa. Akapanda nyanya shamba zima. Mashine ilinguruma kutwa, nyanya zikastawi, sisi wasichana tukapumzika na ndoo. Kila mtu alimsifu mjomba, na mimi nikiwemo.

Asubuhi moja Bibi alionja, akatema.

"Bakari, zima. Kisima kipumzike."

"Mama, nyanya zina maua. Nikizima sasa nimekwisha. Hayo ya kuonja onja ni mambo ya zamani, sasa tuna uhuru."

"Uhuru tumepata sisi, mwanangu. Kisima hakijaongezewa maji. Maji haya matamu yamelala juu ya maji ya bahari. Ukiyamaliza, bahari itapanda."

Mjomba alicheka kwa adabu, lakini hakuzima.

Majani ya nyanya yakaanza kukauka pembeni. Masikini mjomba, alidhani zina kiu, akazidi kuzimwagilia. Alipokuja kuzima, shamba lilikuwa jeupe kwa chumvi na kisima hakinyweki. Majirani wakahama mmoja mmoja. Bibi alikataa kuhama. Aliendelea kuamka alfajiri, akaonja, akatema, akarudi ndani. Utamu haukurudi.

Alipofariki, mto ulikuwa umekauka kwa kiangazi, na maji ya kumwoshea tuliyaomba mji wa pili. Mjomba aliyabeba mwenyewe kichwani, mtu mzima na ndevu zake, akilia njia nzima. Mama aliyenywesha watu wote hawa, akakosa maji ya josho lake nyumbani kwake! Mpaka leo linaniuma.

Sikukatazi mashine, mwanangu. Nakwambia uonje. Kila alfajiri, wewe mwenyewe, na siku ulimi ukikwambia basi, uzime, hata kama nyanya zina maua. Chota yale yanayorudi usiku kucha. Yaliyo chini yake si yako, ni ya watakaokuja.

Mwenyezi Mungu akuruzuku, ayatie baraka maji yako, na siku yako ikifika, uoshwe kwa maji ya kisima chako.