Baba Hakutaja Siku

Baba yangu alitengeneza majeneza kwa miaka thelathini na minane, katika karakana iliyopakana na jiko letu, na alikuwa na mwiko mmoja tu: hakupima mtu aliye hai. Watu walimjia wakiwa na mgonjwa mahututi nyumbani, wameshaandika urefu wake kwenye karatasi ili wasihangaike baadaye. Baba aliwapa viti, akawapa maji ya kunywa, karatasi akairudisha.

"Nendeni mkamuuguze," aliwaambia. "Mbao hazikimbii."

Hilo nililijua tangu utotoni. Nilipokuwa nikimjazia fomu za viza sikulikumbuka.

Dada yangu mkubwa alikuwa amelazwa katika nchi ya mbali alikoolewa, na shemeji ndiye aliyetukatia tiketi. Zamu yetu ilipofika kwenye dirisha la uhamiaji, afisa, kijana mwenye mafua makali, alimuuliza mzee kupitia kwangu amekuja kufanya nini.

"Kumwona mwanangu. Anaumwa."

"Atakaa siku ngapi?"

Nikamtafsiria. "Mwambie nitaondoka mwanangu akipona."

"Anataka namba, baba."

"Namba ya nini? Akipona, naondoka. Asipopona..." Akaishia hapo, akamtazama yule kijana. "Yeye hayo mafua yake yataisha lini? Akijua ya kwake, nami nitamwambia ya mwanangu."

Hiyo sikuitafsiri. Nyuma yetu abiria mmoja aliyejua lugha yetu akadakia: "Mzee wangu, taja yoyote tu, tutoke hapa! Hakuna atakayekuja kukuhesabia."

"Wewe unaenda kumwona nani?" baba akamuuliza.

"Mimi nakuja kazini."

"Ndiyo maana una namba."

Afisa akaweka kalamu chini. Bila siku, alisema, mzee ataenda chumba cha mahojiano. Huko watu husubiri hadi kesho, na wengine hurudishwa kwao. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa shemeji wa asubuhi ile: dada haamki vizuri, njooni moja kwa moja hospitali.

"Kumi na nne," nikasema kwa lugha ya pale. Mihuri ikagongwa, wa kwake na wangu.

Nilidhani hakuelewa. Lakini baba alikuwa amenunua misumari na vitasa kwa wafanyabiashara wageni maisha yake yote, na namba za lugha ile alizijua.

"Umempima dada yako," aliniambia tulipokuwa tukisubiri mizigo. Hakupaza sauti.

"Baba, wangeturudisha."

"Najua."

Sanduku lake lilipotokea nilitaka kumpokea. Akalihamishia mkono wa pili.

Tulimkuta dada yuko macho. Alimshika baba kidole gumba na hakukiachia mpaka muuguzi alipokuja kumgeuza. Alifariki siku ya tisa. Jeneza shemeji alilichagua kwenye kitabu cha picha. Baba alipoonyeshwa, alikifunga kitabu na kutoka nje.

Baada ya mazishi nilimwambia tunaweza kubadilisha tiketi, turudi mapema. Akakataa. Siku zilizobaki kati ya zile kumi na nne alizikaa zote chumbani kwa dada, akishughulika na mlango wa kabati uliokuwa haufungi sawasawa. Aliung'oa, akausugua kwa msasa, akaurudisha, akaujaribu kwa kidole, kisha akaung'oa tena.