Meno ya Baba na Kuku wa Msitu

Asubuhi ya siku ya harusi yangu, baba aliniamsha akaniambia ndege kamwibia meno.

Meno yote ya bandia. Ya juu na ya chini.

Tulikuwa tumelala kwenye gari-nyumba lake bovu, kwenye kambi ya wasafiri katikati ya msitu wa Pelorus, huku kwetu Nyuzilandi. Harusi ilikuwa alasiri hiyohiyo, kwenye shamba la mizabibu huko mbele.

"Nimeyaweka kwenye ngazi," alisema, midomo imeingia ndani. "Nageuka tu, kuku wa mthitu huyo, kathepa nayo."

Sikumtilia shaka. Kuku wa msitu ni yule ndege wa kahawia asiyeruka, na hajawahi kuona kitu cha mtu akakiacha.

Mimi kwenye harusi ile sikutaka keki ya ghorofa wala gauni la bei mbaya. Nilitaka baba asimame aseme neno juu yangu. Tangu mama afariki tumebaki wawili, na mzee huyu, mnyoa kondoo maisha yake yote, hajawahi kuniambia ananipenda. Ukimpigia simu anakupa hali ya hewa.

Alikuwa amekubali shingo upande. Sasa meno hayapo.

Kambi nzima ikaamka. Nikaingia msituni na mabuti ya mpira, rola za nywele kichwani, natambaa chini ya vichaka. Jirani yetu wa kambini, Shona, akatambaa pembeni yangu.

"Mwaka jana ndege huyo alinibebea kandambili," alininong'oneza. "Ya kulia tu. Hii ya kushoto niifanyie nini, mdogo wangu?"

Tukapata kijiko, soksi, na kandambili ya Shona. Akafurahi mpaka akanibusu.

Meno, hola.

Baba alikuwa kwenye ngazi anakunywa chai, ametulia kuliko mtu aliyeibiwa. Ningejiuliza, ila bibi harusi akili haimo.

Tukaondoka. Msitu ukaisha, mizabibu ikaanza, mistari kwa mistari hadi milimani. Nilikuwa naendesha huku machozi yananitoka.

"Uthilie, mwanangu," baba akasema. "Hoani atathema. Yule maneno anayajua."

"Hoani ni bwana harusi, baba. Siyo baba yangu."

Akageukia dirishani.

Mbele kulikuwa na kibanda cha matofaa kisicho na muuzaji, unachukua halafu unatumbukiza hela kwenye kopo. Baba hakuwa amekula tangu asubuhi na nilimwonea huruma. Nikampitishia mfuko dirishani, labda atayafyonza, nikarudi kulipa.

Nikasikia kwachu.

Nikageuka. Baba anatafuna tofaa kwa raha zake, meno yanang'aa, juu na chini.

Tukatazamana. Akaacha kutafuna.

"Kayarudisha mwenyewe, sasa hivi," alisema. Kithembe nacho kilikuwa kimepona.

"Yalikuwa wapi, baba?"

"Mfukoni."

"Nimetambaa msitu mzima na rola kichwani."

"Nilikuona. Nikataka kusema, lakini yule dada alikuwa amefurahi sana na kandambili yake."

Nilikuwa nimeshika tofaa na nilitamani kumpiga nalo. Halafu sauti yake ikashuka.

"Raewyn, nimeijaribu hiyo hotuba mbele ya kioo. Nikifika kwenye jina lako, nalia. Na wanyoaji wenzangu wote watakuwepo."

Hasira ikaniisha palepale.

"Basi lia, baba. Sema jina langu tu, linanitosha."

Jioni, mezani, zamu yake ikafika. Akasimama, glasi ya mvinyo mkononi.

"Ndege aliniibia hotuba," alisema. "Meno kaniachia."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Raewyn," akasema.

Akalia. Alilia amesimama, mbele ya wanyoaji wenzake wote, na hakukaa. Meza yao nzima ikaanza kutafuta vitambaa vya kupangusia macho.

"Ni hilo tu," akasema, akakaa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mzee wako akipotelewa na kitu ghafla kabla ya siku yako kubwa, usihangaike kumkimbiza ndege. Mpe tofaa, kisha msubiri.