Darasa Lililokatazwa Kuimba

Nilikuwa nafundisha mwaka wa kwanza wa shule ya msingi katika kijiji cha Kibabi, watoto zaidi ya sitini katika chumba kimoja cha mbao. Wengine walishika herufi kwa kuzitazama ubaoni. Wengine, mpaka wazifinyange kwa udongo. Lakini kulikuwa na binti mmoja wa wakulima wa pale mlimani, wa miaka saba, ambaye hakushika kitu bila kukiimba. Ukimwonyesha "ma" ubaoni alinyamaza. Ukianza wimbo, alimalizia silabi zote huku akizionyesha kwa kidole, moja moja.

Kisha wenye silaha wakapiga kambi kilimani, juu ya shule. Siku ya tatu direkta, mkuu wa shule yetu, alikuja, akaniita mlangoni.

"Mama mwalimu, watoto wasiimbe tena. Bale watu wa kule juu wanasema nyimbo njo alama ya kuita adui."

"Na wale wanaojifunza kwa wimbo?"

"Nitajibu nini mimi? Uwafundishe kimya."

Nikafundisha kimya. Udongo uliendelea, ubao uliendelea. Yule binti alitazama ubao kama anayetazama ukuta. Nilijaribu kumnong'onezea sikioni, lakini wenzake nao walitaka kusikia, kelele ikapanda, nami nikatazama kilimani kwa hofu. Juma baada ya juma alizidi kusahau. Asubuhi moja, nikiwa sijalala kwa sababu ya risasi, nilimuuliza "ma". Akafungua kinywa, akaimba kwa sauti yake yote.

Nikampiga kofi.

Hakulia. Alikaa, akaweka mikono juu ya dawati, na kesho yake hakuja. Nilipanga kwenda kwao Jumapili kuomba msamaha. Jumamosi vita vikashuka kijijini, tukakimbia kila mtu na njia yake.

Miezi baadaye, katika kambi ya wakimbizi ya Mubambiro, kwenye mstari wa maji, nilimkuta mama yake. Nikamuuliza habari za mtoto.

"Iko muzima. Iko Goma kwa shangazi yake."

"Anasoma?"

"Hapana, Mama mwalimu. Tulimupeleka ku masomo, akafika mulangoni akakataa. Anaogopa mwalimu."

Nilimwambia kwamba nilimpiga mimi. Akasema anajua. Hakusema kwa hasira. Zamu yake ilikuwa imefika, akainama kujaza bidoni, dumu lake la maji. Nilimsaidia kuiweka mgongoni, akaondoka nayo.