Ukiitwa Mchana, Usiitike

Nilipokuwa mtoto, watu wazima wa nyumba yetu waliogopa karibu kila kitu, na mimi niliwadharau kimoyomoyo. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini nadhani hawakuwahi kuwaona kunguru wa Kariakoo, wanaomnyang'anya mtu kitumbua mkononi kisha wakabaki wanamtazama. Waoga niliowajua mimi walivaa kanzu na kanga.

Tuliishi katika nyumba ya Kiswahili upande wa kuelekea Gerezani: vyumba vinatazamana kwenye ukumbi mmoja mrefu, na nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa Mzee Sefu, fundi cherehani aliyeshonea pale barazani. Ukimsikiliza, alikwishapigana na chui huko Rufiji na kumwacha chui kilema. Mzee huyohuyo, paka mweusi akikatiza mbele yake, alirudi ndani, akavua viatu, akakaa kidogo kitandani, kisha akaanza safari upya. Mama Zuberi wa chumba cha pili, mwanamke wa kifua na sauti, hakukubali kupimwa presha hata mara moja, kwa sababu, alisema, ugonjwa haukujii mpaka utajwe. Watu wa miaka hamsini na sitini hao, wenye wajukuu. Nilikuwa nikijiuliza mtu huishi miaka yote hiyo kwa ajili gani kama mwisho wake ni kumkimbia paka.

Jemadari wa waoga wote alikuwa bibi yangu, Bi Mwanahawa, mama yake mama. Kwake hakukuwa na kufagia usiku, wala kupiga mluzi, wala kukata kucha jua likishazama. Lakini katazo lake kuu lilikuwa la mchana.

"Jua likiwa utosini," alituambia, "ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, usiitike. Huyo si mtu. Ukiitika tu, ushampa roho yako."

"Na kama ni wewe, Bibi?"

"Mimi nitakufuata nikuite usoni. Sina kazi ya kupayuka kama muuza mitumba."

Nyumba nzima ilimtii. Mchana ungewakuta watu wanaitana toka chumba hadi chumba na hakuna anayejibu, mpaka mwitaji anyanyuke mwenyewe, amtafute mtu wake, amsimamie mbele ya macho. Hivyo ndivyo watu wenye akili zao walivyokubali kuishi.

Siku moja ya likizo, mama akiwa kazini kwake Posta alikokuwa akisafisha ofisi, Bibi alitoka asubuhi kwenda Feri kununua samaki. Alipita barazani na kikapu chake, akamuaga Mzee Sefu. Mzee Sefu alimwona kwa macho yake, ndiyo maana baadaye akawa na uhakika kuliko wote.

Adhuhuri nilikuwa ukumbini nachambua mchele. Sauti ikatoka uani.

"Salma!"

Ilikuwa sauti ya Bibi, ila nyembamba. Nilifungua kinywa niseme abee, mkono wa Mama Zuberi ukanifunga mdomo. Ulinuka vitunguu.

"We mtoto, una wazimu? Bibi yako si yuko Feri!"

"Lakini ni sauti yake."

"Ndivyo wanavyofanya! Wakuite kwa sauti usiyoijua, utaitika?"

Mzee Sefu akaingia mbio, futi ya kupimia ikiningʼinia shingoni. Sauti ikaita tena: "Salma! Mama Zuberi! Jamani!"

"Na mimi ananijua," Mama Zuberi akanong'ona, machozi yakaanza kumtoka.

"Bi Mwanahawa nimemwona akitoka," Mzee Sefu akasema, "na kurudi hajarudi, mimi niko pale barazani toka asubuhi. Huyo aliyeko huko nyuma si yeye."

Kisha mpiganaji wa chui akaenda kwenye mlango wa uani, akautia komeo. Mama Zuberi akatupa ubani kwenye chetezo cha makaa. Mzee Sefu akaanza kusoma dua, na kila akifika katikati inampotea, anaanza tena. Huko uani yule aliyekuwa akiita akaacha kuita, akawa analia. Hapo ndipo nilipoacha kuwadharau watu wale, nikawachukia.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Karibu na kijimlango cha uchochoroni, ambacho hatukukitumia ila kutupia taka, kikapu cha Bibi kilikuwa kimelala ubavu, na paka wa jirani anavuta samaki.

"Kikapu cha Bibi kile pale! Amepita nyuma!"

"Hao wanaweza kuja hata na kikapu," akasema Mzee Sefu.

"Jini gani ananunua vibua?"

Nikavuta komeo. Mzee Sefu akanidaka gauni begani, na gauni lile alikuwa amelishona yeye, kwa hiyo mshono ukaachia mara moja. Nikatoka nusu bega wazi, napiga kelele, "Abee, Bibi! Abee! Abee!"

Alikuwa bafuni, ameanguka kwenye saruji yenye utelezi, mguu mmoja umekunjika chini yake. Alibanwa na haja njiani akakatiza uchochoroni ili awahi, basi. Niliogopa kumgusa. Yeye hakuutazama mguu, alinitazama mimi.

"Ndani kuna watu?"

"Wapo."

"Walinisikia?"

Ningeweza kusema hapana. "Walikusikia, Bibi. Wote."

Akafumba macho. "Nimewafundisha mwenyewe," akasema. "Usije ukawasema."

Mzee Sefu akafika, sasa shujaa, akaniamuru nipishe wakubwa. Kwa miaka mingi baadaye alisimulia pale barazani jinsi alivyombeba Bi Mwanahawa mikononi, na sehemu ya komeo hakuigusa kamwe. Mama Zuberi alilia kuliko aliyevunjika. Bibi akiwasikia, alinyamaza, na mimi nikanyamaza kwa sababu aliniomba.

Nyonga iliunga vibaya. Alitembelea mkongojo, siku nyingi akashinda kitandani mlango wazi, na katazo lake halikutajwa tena. Badala yake akawa anaita. Mchana kutwa, "Salma!" Nikiitika abee na kumwendea, anasema, "Basi tu. Nenda kacheze." Mama alisema uzee umemrudisha utotoni. Nami niliamini hivyo, na nilichoka naye, Mungu amrehemu.

Sasa bibi ni mimi. Nyumba ile ilivunjwa, na ninakaa ghorofa ya nne kwa mwanangu, hapahapa Kariakoo. Wenzangu wa umri wangu ni walewale tu, wamebadilisha majina. Mmoja hapandi lifti, mwingine akiona mashine ya kupimia anapandwa na presha ileile aliyokwenda kupimwa, mwingine umeme ukikatika anapigia simu ukoo mzima. Nawacheka usoni kwao. Kuanguka nako si kitu cha kumnyima mtu usingizi, mfupa ukivunjika utafungwa.

Nina woga mmoja tu, na naona haya kuusema. Naogopa kwamba nitaita, watu watanisikia, na kila mmoja atakuwa na sababu yake nzuri ya kubaki alipo. Bibi alipolala pale sakafuni hakuwa na hofu na jini yeyote. Aliyajua majina ya waliokuwa upande wa pili wa mlango, na aliyataja moja moja.

Juzi, jua kali, sauti ya mwanamke iliita ngazini: "Salma!" Niliitika kabla haijarudiwa, nikashuka na magoti yangu haya, nikampita binti wa shule aliyeketi kwenye ngazi, masikio ameyaziba kwa vile vidude vya simu. Ghorofa ya kwanza nikamkuta mama yake, ndoo ya maji kila mkono, anahema. Lifti imekufa na maji hayapandi.

"Shikamoo, bibi. Samahani, namwita mwanangu."

"Marahaba. Nitamwambia."

Nikapanda mpaka kwa yule binti, nikamchomoa kidude kimoja sikioni.

"Unaitwa."

"Nimesikia, bibi," akasema, akakirudisha.

Nikashuka tena, nikapokea ndoo moja.